Kisanduku Kilichojitoa Tiki

Kila anayesomesha mtoto wa bweni Uganda anaijua ile karatasi. Hutolewa pamoja na ripoti mwisho wa muhula, ukurasa mmoja tu. Juu imeandikwa karo, na chini yake vitu ambavyo mtoto akirudi bila hivyo atasimamishwa getini: rimu mbili za karatasi, mafagio mawili, la ndani na la nje, karatasi za choo, sukari, sabuni ya mche, jembe au slasha, ndoo, chandarua. Tunaiita mahitaji. Kuna wazazi wanaouza mbuzi kwa ajili ya karo, na kuna wazazi wanaogombana na mhasibu wa shule kwa ajili ya fagio. Hao wa fagio ndio walionifundisha kuandika programu.

Mwanzoni mwa 2017 nilikuwa nimerudi Arua na diploma yangu kutoka Kampala, nimekodi kijiduka karibu na soko, natengeneza printa, nachapa barua za watu, nasubiri maisha yaanze. Wateja wangu wengi walikuwa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Ariwara upande wa Kongo, kwa hiyo Kiswahili changu kilipata kazi kabla Java yangu, lugha niliyojifunza ya kuandikia programu, haijapata. Ndipo mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni nje ya mji akaniita. Alitaka siku ya kuripoti iwe ya kompyuta: mtoto anafika, jina linatafutwa, vitu alivyoleta vinatiwa tiki, deni la visivyoletwa linaonekana papo hapo, mzazi analipa au anarudi sokoni kununua. Tukapatana shilingi 600,000, nusu mbele. Intaneti ya pale uliipata ukisimama chini ya mwembe fulani na kuinua simu, hivyo hakukuwa na mjadala. Programu ingekaa ndani ya kompyuta yenyewe: Java, madirisha ya Swing (maktaba ya Java ya kuchora madirisha na vitufe), na hifadhidata ndogo kwenye diski hiyo hiyo.

Mhasibu, ambaye sote tulimwita Hajati, hakupinga wala hakukubali. Alikuwa na kaunta buku lake la jalada jeusi, na mistari ameichora mwenyewe kwa rula. Alinitazama nikihangaika na nyaya chini ya meza yake, akasema, "Mwanangu, weka mashine yako. Kitabu changu kinabaki hapa hapa." Nikacheka moyoni. Namshukuru mpaka leo.

Skrini ilikuwa rahisi. Kushoto, mahali pa kutafuta jina. Kulia, visanduku 14 vya tiki, kimoja kwa kila hitaji. Chini kabisa, kwa herufi kubwa nyekundu, deni.

Kisanduku cha tiki chenyewe hakijui kazi yoyote. Ukikibofya kinachorwa tiki, ukikibofya tena tiki inaondoka, basi. Kama unataka lolote zaidi litokee, unaandika klasi ya msikilizaji, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake, na kumwandikisha kwenye kisanduku. Mimi huwaeleza vijana hivi: kisanduku ni askari wa getini. Hajui mgeni amekuja kufanya nini. Kazi yake ni kumpigia simu kila aliyemwachia namba. Methodi, yaani amri yenye jina, ya addItemListener ni kumwachia namba. Methodi ya itemStateChanged ni simu yako ikilia. (Nasema klasi kwa makusudi, kwa sababu ukisema darasa ndani ya shule ya bweni utaulizwa ni la nani.)

Toleo langu la kwanza lilikuwa na msikilizaji mmoja, yaani dirisha zima. Nilitangaza kwamba klasi ya dirisha inatekeleza ItemListener, yaani ni msikilizaji wa tiki kuingia na kutoka, nikaandika methodi moja, na ndani yake nikapanga if kumi na nne: kama chanzo ni kisanduku cha rimu fanya hivi, kama ni cha fagio fanya vile. Niliandika ya kwanza kwa akili na zilizobaki kwa kunakili. Kwenye kunakili, kisanduku cha ndoo kikabaki na bei ya jembe. Ndoo tuliiwekea shilingi 10,000 na jembe 12,000, tofauti ndogo ambayo jicho langu liliipita mara mia. Hajati aliiona kwa dakika mbili. Hakugusa kompyuta, alijumlisha kichwani akiwa nyuma yangu.

Nikabomoa nikaanza upya na klasi zisizo na jina, kila kisanduku na yake, zimeandikwa papo hapo pale kisanduku kinapoundwa. Zilipendeza, mpaka nilipobeba programu kwenye flashi. Java ikishakusanya msimbo, yaani kuugeuza kuwa faili za kuendeshwa, kila klasi isiyo na jina inapata faili lake lenye namba, kwa hiyo nilikuwa na Dirisha$1.class mpaka Dirisha$14.class, na nikasahau moja kwenye kompyuta yangu dukani. Dirisha likagoma kufunguka kabisa. Nikapanda boda kurudi mjini kufuata faili la kilobaiti chache. Tangu siku hiyo nafungasha kila kitu ndani ya faili moja la jar, na sihitaji kuhubiriwa.

Toleo la tatu ndilo nililobaki nalo, na mpaka leo ndilo ninalolipenda: klasi moja ya ndani yenye jina, MsikilizajiWaHitaji, ambayo konstrakta yake, yaani sehemu ya kuundia kila obijekti kutoka kwenye klasi hiyo, inapokea kitambulisho cha hitaji na bei yake. Klasi moja, obijekti 14. Hakuna if ya kuuliza chanzo ni nani, kwa sababu kila obijekti anajua anamsikiliza nani tangu alipozaliwa. Bei zikapangwa kwenye jedwali moja juu ya faili, na Hajati akazikagua kwa kidole. Kama umewahi kuandika ule mlolongo wa if na ukajiona fundi, usione haya. Wote tulipita huko.

Kwa hiyo nilikwenda kwenye siku ya kuripoti nikiwa na klasi nzuri, jina zuri na msimbo msafi, na ndani yake kosa baya kuliko yote niliyowahi kufanya.

Msikilizaji wangu alifanya mambo mawili. Tiki ikiingia, alipunguza deni kwa bei ya hitaji; tiki ikitoka, aliliongeza. Kisha aliandika kwenye hifadhidata: mwanafunzi wa sasa, hitaji hili, ameleta au hajaleta, saa ngapi. Nilijaribu kwa wanafunzi watano wa kubuni. Kwa uvivu, wote watano niliwaingiza kwenye hifadhidata wakiwa wameleta kila kitu. Nilifungua wa kwanza, programu ikaanguka na malalamiko kwamba hakuna mwanafunzi wa sasa. Nikaongeza mstari mmoja: kama mwanafunzi hayupo, usihifadhi. Ikanyamaza. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini msikilizaji aliitwa wakati mkono wangu ulikuwa haujagusa kisanduku chochote. Simu ililia, mimi nikaitia kwenye mto.

Siku yenyewe ilikuwa ya vumbi na magodoro. Watoto zaidi ya mia tatu, foleni kutoka getini mpaka kwenye tangi la maji, boda zikishusha masanduku ya bati, mama mmoja kabeba mafagio sita kwa ajili ya watoto watatu. Mimi nilikaa kwenye kompyuta, matroni akikagua vitu na kutaja kwa sauti, Hajati pembeni akitia alama kwenye kaunta buku. Rimu, tiki. Ndoo, tiki. Deni likishuka kwenye skrini, wazazi wakinyoosha shingo kulitazama. Mtoto akimaliza, nafungua jina linalofuata, visanduku vinakuwa vitupu, deni linarudi kwenye jumla kamili, tunaanza tena. Mwalimu mkuu alileta wageni wawili kuona. Nilijikuta nabofya kwa madaha.

Kwenye saa saba mchana akarudi mzee mmoja kutoka Yumbe. Asubuhi binti yake wa S.1, yaani kidato cha kwanza, alikosa slasha tu. Mzee alikwenda sokoni, akainunua, akarudi nayo imefungwa gazeti. Nikafungua jina la binti. Visanduku vyote 14 vilikuwa vitupu. Deni, jumla nzima.

"Mzee wangu, hapa inaonyesha hamjaleta kitu."

Hakupandisha sauti. Alinishika mkono, akanitoa nje mpaka stoo, akanionyesha rimu mbili zilizoandikwa jina la binti yake kwa marka ya bluu, kwa mwandiko wake mwenyewe, juu kabisa ya rundo. "Kijana, hii ni nini?"

Nilirudi na kufungua majina mengine, moja baada ya jingine. Mtupu. Mtupu. Mtupu. Nikachapa orodha nzima. Kwa mujibu wa programu yangu, katika watoto wote waliopokelewa tangu asubuhi, hakuna aliyeleta hata mche wa sabuni.

Hajati alifunika mdomo kwa mtandio. Nadhani alikuwa anacheka, ila kwa heshima. Kisha akanisukumia kaunta buku.

Usiku ule, kwenye sola ya ofisi, niliweka mstari mmoja wa kuchapa ndani ya itemStateChanged: jina la hitaji na namba inayotoka kwenye getStateChange. Katika Java namba hiyo ni 1 tiki ikiingia na 2 tiki ikitoka. Nikafungua mtoto mmoja, nikamtia tiki 11, kisha nikafungua mwingine asiye na tiki, nikaondoa mkono kwenye mausi na kuukalia. Mistari 11 ikateremka kwenye skrini, kila mmoja ukiishia na 2.

Hapo ndipo nilipoona. Methodi yangu ya kumwonyesha mwanafunzi ilikuwa inazunguka kwenye visanduku vyote ikivipanga kwa setSelected, methodi ya kutia au kutoa tiki kutoka ndani ya msimbo, halafu kwenye mstari wake wa mwisho ikabadilisha mwanafunzi wa sasa. Lakini setSelected ikibadili hali ya kisanduku cha Swing, kisanduku kinawapigia simu ItemListener wake wote, kama vile mtu amebofya. Kwa hiyo nilipofungua mtoto wa pili, visanduku vilivyokuwa na tiki za wa kwanza vilitolewa tiki, msikilizaji akaitwa mara 11, akatazama mwanafunzi wa sasa ni nani, akakuta bado ni yule wa kwanza, akamwandikia: hajaleta, hajaleta, hajaleta. Kila mtoto aliyefika alimfuta aliyemtangulia.

Na hiki ndicho kilichonikosesha usingizi zaidi: deni la kwenye skrini lilikuwa sahihi siku nzima, na lilikuwa sahihi kwa sababu ya kosa hilo hilo. Kila tiki iliyojitoa ililiongeza deni, mpaka likarudi kwenye jumla kamili, tayari kwa mtoto mpya. Sikuwa nimeandika mahali popote mstari wa kulirudisha. Nilidhani nimeuandika.

Wale watoto wangu watano wa kubuni nao walinidanganya kwa njia yao. Kisanduku chenye tiki ukikiambia kwa setSelected kiwe na tiki, hakipigi simu, kwa kuwa hakuna kilichobadilika. Wote watano walikuwa na tiki zote, hivyo kutoka mmoja hadi mwingine palikuwa kimya kabisa. Mabadiliko yalitokea mara moja tu, kwenye ule ufunguaji wa kwanza, na huo ndio nilioutia kwenye mto.

Kwa nini niliamini setSelected ni kimya? Niliamini kwa sababu nilifundishwa hivyo, na aliyenifundisha hakukosea. Daftari langu la chuo lilikuwa la AWT, ile maktaba ya madirisha iliyokuja na Java ya kwanza mwaka 1996. Wasikilizaji wenyewe waliingia na Java 1.1 mwaka 1997, na Swing ikawa sehemu ya Java 1.2 mwishoni mwa 1998. Kisanduku cha AWT kinaitwa Checkbox, nacho ukikibadilisha kwa setState ndani ya msimbo hakimwambii mtu. Maelezo yake rasmi yanasema hivyo waziwazi. Cha Swing kinaitwa JCheckBox, nacho kinasema. Msikilizaji ni yule yule, ItemListener yule yule, jina la methodi lile lile, tabia mbili. Nilihama nyumba na funguo za nyumba ya zamani, na kwa bahati mbaya zikaingia kwenye kufuli.

Tiba ya usiku ule ilikuwa kupandisha mstari mmoja: mwanafunzi wa sasa abadilishwe kwanza, ndipo visanduku vipangwe. Pamoja na hiyo, Hajati, matroni na mimi tuliingiza upya watoto wote kutoka kaunta buku, mpaka taa zikaanza kufifia. Ilifanya kazi. Lakini baada ya wiki mbili mwalimu mkuu akauliza kwa nini rekodi zinaonyesha mtoto fulani alileta rimu Jumapili usiku. Hakuleta, ni Hajati aliyefungua jina lake Jumapili usiku. Sasa kila ufunguaji ulikuwa unamwandikia mtoto vitu vyake mwenyewe upya, na saa mpya. Kutazama kulikuwa kunaandika.

Nikaleta bendera. Kigezo kimoja, yaani nafasi ya kuhifadhi thamani, jina lake inapakia, kinakuwa kweli kabla ya kupanga visanduku na kinakuwa si kweli baada ya hapo, na mstari wa kwanza wa msikilizaji ukawa:

if (inapakia) return;

Watu wengi huishia hapa, na siwalaumu. Mimi nilipata rekodi moja yenye data mbovu, upakiaji ukakatika katikati, bendera ikabaki juu, na kuanzia hapo kila tiki ilipuuzwa bila mlio wowote. Skrini nzuri, hifadhidata haina habari. Ukitumia bendera, kuishusha kwake kuwe ndani ya finally, sehemu ambayo Java huiendesha hata kosa likitokea, la sivyo siku moja utaiacha inapepea.

Nikajaribu pia kumwondoa msikilizaji kabla ya kupakia na kumrudisha baadaye. Ni wazo zuri, nikaliharibu. Kwenye removeItemListener nilimpa obijekti mpya niliyemuunda hapo hapo kwa new, na kwenye addItemListener mwingine mpya. Askari akaniambia kimoyomoyo: huyu unayetaka nimfute simjui. Hakufuta mtu, akaongeza namba nyingine. Baada ya kufungua watoto watano, bofyo moja liliandika mara sita. Ili kumwondoa msikilizaji lazima umshike yule yule uliyemweka, umhifadhi kwenye kigezo, si pacha wake.

Nilikuwa bado nasukuma mlango ambao unafunguka kwa kuvuta. Swali halikuwa namna ya kumnyamazisha ItemListener. Kisanduku hubadilika kwa sababu mbili, ama mtu amekigusa, ama programu yangu yenyewe imekipanga, na ItemListener husikia zote mbili kwa sauti moja. Mimi nilitaka kuhifadhi pale tu mtu alipogusa. Swing ina msikilizaji wa hilo, na nilikuwa nikimtumia kila siku kwenye vitufe bila kufikiri kwamba kisanduku nacho, ndani kwa ndani, ni kitufe: ActionListener. Ukibofya kisanduku kwa mausi au ukibonyeza spesi kibodi ikiwa imekielekea, actionPerformed inaitwa. Ukikipanga kwa setSelected, haiitwi. Na inapoitwa, hali imeshabadilika. ItemListener wameshaarifiwa kwanza, kwa hiyo ukiuliza isSelected unapata jibu jipya.

Nikazigawa kazi. Klasi ya ActionListener ikachukua kuandika kwenye hifadhidata. Klasi ya ItemListener ikabaki na deni tu, tena bila kujumlisha na kutoa; kila ikiitwa inapita visanduku vyote 14 na kuhesabu upya kutoka mwanzo. Ni hesabu ya kufumba na kufumbua, na haijalishi imeitwa mara moja au mara hamsini, jibu ni lile lile. Hiyo ya kuhesabu upya badala ya kuongeza na kupunguza ningeiweka mbele ya mambo mengine yote niliyojifunza mwaka ule.

Furaha yangu ilidumu mpaka Hajati alipoomba kitufe cha "Ameleta Vyote", kwa ajili ya wazazi waliojipanga. Nikakiweka, kikaita setSelected kwenye visanduku vyote. Tiki zikajaa, deni likawa sifuri, na hifadhidata haikuandikwa chochote. Bila shaka. Nilikuwa nimechagua kumsikiliza binadamu, na hapa aliyegusa visanduku ni msimbo, ingawa kwa amri ya binadamu. Lile kosa la kwanza limegeuka, limevaa koti upande wa ndani.

Nikaona kwenye nyaraka kuna doClick, ambayo hubofya kisanduku kama mtu. Nikaitumia. Sikuwahi kuona kitu cha kuchekesha vile: visanduku vilibonyea kimoja kimoja kutoka juu kwenda chini, kama mtu anapitisha kidole kwenye kinanda, dirisha likiwa limeganda. doClick hukishikilia kitufe kimebonyea kwa milisekunde 68, na vikiwa 14 hiyo ni karibu sekunde nzima. Hilo ningelivumilia. Lakini doClick hubofya kweli, maana yake kisanduku ambacho tayari kina tiki kinatolewa tiki. Mzazi ameleta vitu 13, tumetia tiki 13, Hajati anabonyeza "Ameleta Vyote", anabaki na kimoja.

Mwisho wa yote nikafanya jambo ambalo lingefaa liwe la kwanza. Kuhifadhi kukatolewa ndani ya msikilizaji kabisa, kukawa methodi yake yenyewe, hifadhi, inayopokea mwanafunzi, hitaji na hali. ActionListener ya kisanduku inaiita. Kitufe cha "Ameleta Vyote" nacho kinapanga visanduku kisha kinaiita. Methodi ya kumwonyesha mwanafunzi haiiti. Msikilizaji akabaki na mistari miwili: nani amegusa, nimwite nani. Shule ilipoongeza kompyuta ya pili stoo na hifadhidata ikahamia huko, waya ulipolegea dirisha liliganda kila tiki, kwa sababu wasikilizaji wote hukimbia kwenye uzi mmoja, yaani mkondo mmoja wa kazi, ule ule unaochora skrini. Nikaipeleka hifadhi kwenye SwingWorker, inayofanya kazi kwenye uzi mwingine, bila kugusa kisanduku hata kimoja.

Kijana mmoja ninayemfundisha siku hizi aliwahi kuniletea kisanduku chenye ChangeListener, akilalamika kwamba kinaita hata mausi ikipita tu juu yake. Ndivyo alivyo huyo. Anasikia kitufe kikibonyezwa, kikiachiwa, kivuli cha mausi kikipita. Namwita msikilizaji mbea. Ana kazi zake, ila kuandika deni la mtu si mojawapo.

Muhula wa pili yule mzee wa Yumbe alirudi na rimu zake, safari hii jina limeandikwa pande zote nne. Hajati alimkaribisha kiti, wakaulizana hali za nyumbani, kisha akaigeuza skrini na kumpa mausi. "Mzee, weka tiki mwenyewe, usije ukasema tumekudhulumu." Mzee akavaa miwani, akakilenga kisanduku cha rimu taratibu, akabofya kwa nguvu mara mbili, kama watu wengi wanavyobofya kila kitu cha kompyuta mara mbili.

Tiki ikaingia, ikatoka.

Akanitazama. Hajati akanitazama. Nikavuta kibodi. Vitufe vya Swing vina methodi ya kupuuza bofyo linalofuata upesi mno, jina lake setMultiClickThreshhold, na waliolitunga waliliandika na h moja ya ziada ambayo imebaki humo mpaka leo. Nililikosea mara mbili kwa kuliandika inavyotakiwa. Nikaweka milisekunde 400, nikakusanya upya, nikafungua jina la binti yake, nikamrudishia mausi. Hajati alikuwa ameshatia alama kwenye kaunta buku.